Hukumu Mbili za Mkopo wa Udanganyifu

Kila mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti zake, na baada ya muda mfupi vitabu hivyo huwekwa mezani bungeni, Dodoma. Mwaka 2023 mojawapo ya hoja zake iliwagusa watu wa mitaani kuliko hoja za ndege na reli. Ilihusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa na halmashauri. Wakaguzi walikuta zaidi ya Sh bilioni 88 zilizokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hazijarejeshwa. Walikuta pia vikundi vilivyopo kwenye makaratasi tu, ambavyo Watanzania wamekwisha kuvizoea kwa jina la vikundi hewa. Aprili mwaka huohuo Serikali, kwa kauli ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu mwingine uandaliwe.

Usitishaji ulikuwa na sababu za msingi. Hata hivyo ulikuwa pia adhabu, na adhabu hiyo haikumfuata aliyeiba. Mwanamke wa Kikuyu, eneo la Jiji la Dodoma kilipo Chuo Kikuu cha St. John's, aliyekuwa amekwisha kuandikisha kikundi chake cha kufuga kuku na anangoja zamu, alifungiwa mlango sawasawa na yule aliyejaza majina ya watu wasiokuwepo. Mkopo huo hauna riba. Kwake, mlango mwingine uliobaki wazi ulikuwa wa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa namna udanganyifu wa mikopo unavyohukumiwa nchini. Mahakama humfikia mwongo kwa kuchelewa, na mara nyingi kwa masharti mepesi. Umma humfikia mapema mtu ambaye hakumdanganya yeyote, ila ameshindwa kulipa.

Kisheria watu hao wawili hawafanani hata kidogo. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai. Aliyekopesha hufungua shauri, hupata hukumu, kisha huomba ikazwe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu mdaiwa awekwe kifungo cha madai kisichozidi miezi 6, lakini anayetaka mdaiwa wake afungwe ndiye anayelipia posho ya kumtunza gerezani. Sheria hiyohiyo, inapoeleza mali zinazoweza kukamatwa ili kukaza hukumu, inaviweka kando nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana za kazi za fundi. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba mtu akinyang'anywa sufuria na kitanda hatakuwa na mahali pa kuanzia ili alipe.

Udanganyifu ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inauita kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake chini ya kifungu cha 302 hufika miaka 7 jela. Kinachotafutwa na mahakama ni uongo unaojulikana na mwenyewe: maelezo ya mdomo, ya maandishi au ya vitendo, ambayo anayeyatoa anajua si kweli au haamini kwamba ni kweli, na ambayo ndiyo yaliyomfanya mwenye fedha aziachie. Kama kuna karatasi ya kughushi, shtaka la kughushi huongezwa, na la kuwasilisha nyaraka za uongo hufuata. Kwa hiyo swali la kwanza la hakimu haliwi kama mshtakiwa amelipa. Swali ni alisema nini siku alipokopa, na alijua nini.

Jalada la kikundi linaonyesha jinsi swali hilo linavyojibiwa. Ndani yake huwa kuna katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, orodha ya wanachama na saini zao, picha ndogo, nakala za vitambulisho, barua ya mtendaji wa mtaa, namba ya akaunti ya benki na andiko la mradi. Katika jalada la uongo, dalili huwa ndogondogo. Saini za watu watano zina mlalo uleule na wino uleule. Namba mbili za simu zinapokelewa na mtu mmoja. Andiko la mradi wa alizeti limenakiliwa neno kwa neno kutoka kikundi kingine, mpaka jina la kata ile nyingine limesahaulika katikati ya ukurasa. Na benki inapoulizwa, fedha zimetolewa zote taslimu muda mfupi baada ya kuingia, wakati andiko lilisema zitanunua mashine ya kukamua mafuta.

Jalada kama hilo haliwezi kutembea lenyewe. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alitakiwa kukitembelea kikundi. Mtendaji wa mtaa alithibitisha kwamba anawafahamu. Kamati iliketi, mtu akaidhinisha malipo. Ndiyo maana TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapopeleka kesi za aina hii mahakamani haitumii Kanuni ya Adhabu peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu cha 22 kuhusu kutumia nyaraka za uongo ili kumdanganya mwajiri, cha 28 kuhusu ubadhirifu, na cha 31 kuhusu matumizi mabaya ya madaraka. Vifungu hivyo vinamgusa aliyekalia kiti cha ofisi, na mkaguzi anayesoma jalada kwa makini huishia kwenye kiti hicho mara nyingi kuliko kwa mwenyekiti wa kikundi.

Kuna mtu wa tatu, naye ndiye anayesahaulika. Ni yule aliyeitwa na jirani aje kusaini, akaambiwa ni utaratibu tu, akapewa nauli na soda. Hakuiona fedha. Siku wapelelezi wanapofika, jina lake, picha yake na saini yake vimo jaladani, ilhali jina la aliyepanga mchezo halimo. Mahakama inayofanya kazi yake vizuri humtenganisha mtu huyu na wapangaji, kwa sababu inauliza alijua nini. Mtaa haumuulizi. Kwa mtaa, wote ni wapigaji.

Njia ya kwenda mahakamani ina miiba yake, na baadhi humchoma mshtakiwa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Makosa haya yakishtakiwa kama uhujumu uchumi na thamani ikazidi Sh milioni 10, mshtakiwa anayetaka dhamana hutakiwa kuweka fedha taslimu au mali yenye thamani ya nusu ya kiasi kinachodaiwa. Kiongozi wa kikundi anayeshtakiwa kwa Sh milioni 30 atatafuta milioni 15 au hati ya nyumba. Shtaka la utakatishaji fedha likiongezwa, dhamana haipo kabisa. Mahakama Kuu iliwahi kukitangaza kifungu kinachozuia dhamana hiyo kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba, lakini Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Dickson Sanga. Maana yake kwa mshtakiwa ni kwamba rumande inaweza kuwa ndefu kuliko kifungo chenyewe.

Upande wa pili wa mizani unaonekana fedha zinapokuwa nyingi. Mfano mkubwa unaokumbukwa ni wa EPA, akaunti ya Benki Kuu iliyowekwa kwa ajili ya madeni ya wauzaji wa nje waliokuwa wanaidai Tanzania tangu miaka ya nchi kukosa fedha za kigeni. Mwaka 2005 na 2006 zaidi ya Sh bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22, nyingi zikiwa na hati za uongo zilizoonyesha kwamba zimehamishiwa haki ya kudai. Ukaguzi wa Ernst & Young ulipotoka, Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali, ambaye alifariki Marekani mwezi Mei mwaka huo bila kufikishwa mahakamani. Kisha Rais akatoa muda: atakayerudisha fedha hadi Oktoba 31, 2008 hatashtakiwa. Walioshindwa kurudisha ndio waliopelekwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kuanzia Novemba, na Mei 2011 washtakiwa Rajabu Maranda na Farijala Hussein wakahukumiwa miaka 5 jela kwa wizi wa Sh bilioni 1.8.

Msimamo huo ulirudi ukiwa mpana zaidi Septemba 2019. Rais John Magufuli aliwapa siku saba washtakiwa wa uhujumu uchumi waombe msamaha na kurudisha fedha. Muda ulipoisha, Mkurugenzi wa Mashtaka, Biswalo Mganga, alimweleza kwamba watu 467 wamejitokeza, wakiwa tayari kurejesha Sh bilioni 107.8. Mwaka huo pia makubaliano ya kukiri kosa yaliingizwa rasmi katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai.

Haki ya kukiri na kurudisha si mbaya kwa asili yake. Fedha hurudi, kesi hupungua, mtu hurejea kwa watoto wake. Ubaya huanza pale makubaliano yanapofanyika kati ya ofisi moja na mtu aliyekwisha kukaa rumande miaka, asiyejua atatoka lini. Mtu wa namna hiyo anaweza kukiri hata asilolifanya. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapokea malalamiko mengi juu ya utaratibu huo, na ripoti yake ya Julai mwaka huo ikataka urekebishwe.

Kesi ya mkopo wa dola milioni 600 inaonyesha pande zote hizi kwa pamoja, kwa hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Serikali ilitaka kukopa kiasi hicho kwa ajili ya mpango wake wa maendeleo, na mwaka 2013 Standard Bank ya London na ndugu yake Stanbic Tanzania wakaukamilisha mkopo huo. Ada ya kazi ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4. Ile asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilikwenda kwa kampuni ya Dar es Salaam iitwayo EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Harry Kitilya, Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato wakati huo. Machi 2013 sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa taslimu katika muda wa siku chache. Taasisi ya Uingereza ya kupambana na ufisadi mkubwa ilipolichunguza jambo hilo, Standard Bank ikaingia makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama ya London Novemba 30, 2015, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Tanzania ikalipwa takriban dola milioni 7, yaani ada ile pamoja na riba.

Nyumbani, Kitilya na wenzake walifikishwa Kisutu Aprili 2016. Kesi ilikwenda zaidi ya miaka 4, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa rumande, mpaka Agosti 2020 ilipomalizika kwa makubaliano na wao wakaamriwa kulipa fidia ya Sh bilioni 1.5. Mwananchi wa kawaida aliyefuatilia magazeti alibaki na picha mbili zisizopatana. Kwanza aliona watu walioadhibiwa kwa miaka minne kabla ya hukumu. Halafu aliona hukumu ndogo mno ikilinganishwa na uzito wa mashtaka yaliyosomwa siku ya kwanza. Picha zote mbili ni za kweli, na zote mbili zinaidhoofisha imani ya watu kwa mahakama, kwa kuwa ushahidi wenyewe haukuwahi kusikilizwa hadi mwisho mbele ya hadhira.

Majirani wa kusini walichukua njia nyingine. Msumbiji, ambako kampuni tatu za umma zilikopa kwa siri takriban dola bilioni 2 mwaka 2013 na 2014, iliendesha kesi yake kuanzia Agosti 2021 ndani ya gereza la ulinzi mkali karibu na Maputo, na ikarushwa moja kwa moja. Wananchi walimsikia mtoto wa rais wa zamani, Ndambi Guebuza, akihojiwa siku baada ya siku, na Desemba 2022 akahukumiwa miaka 12. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Vietnam ilikwenda mbali zaidi: Truong My Lan, tajiri wa majengo aliyeikausha benki kwa mikopo ya kampuni za kivuli, alihukumiwa kifo Aprili 2024. Adhabu ya kifo haiwezi kuwa kielelezo kwa nchi yoyote. Lakini kesi ya Maputo inafundisha kwamba umma ukiruhusiwa kusikia, huhukumu kwa kilichosemwa mahakamani badala ya tetesi.

Na tetesi ndizo zinazotawala hukumu ya pili, ile ya mtaani.

Katika kata nyingi za Dodoma, kama ilivyo mijini kote, siku ya marejesho inafahamika. Akina mama hukaa kibarazani, afisa mikopo ana daftari na simu, na hakuna anayeondoka mpaka fedha ya kikundi itimie. Asiyekuwa nayo huchangiwa, na mchango huo huandikwa kama deni jingine. Akikosa mara ya pili au ya tatu, wenzake ndio wanaokwenda kwake kubeba televisheni, godoro, jiko la gesi na cherehani. Ni vitu vilevile ambavyo sheria imeviacha au imevizungushia masharti hata pale hukumu ya mahakama inapokazwa. Hapa hakuna hukumu, hakuna dalali wa mahakama, hakuna orodha ya mali iliyotiwa saini. Wengine hukimbia usiku, wakiacha watoto kwa bibi. Mtaa husema ametoroka na hela za watu, na kuanzia siku hiyo jina lake ni tapeli, ingawa alikopa kwa jina lake halisi, akaonyesha biashara yake halisi, na biashara hiyo ikafa.

Simu ya mkononi imeipa hukumu hiyo nguvu ambayo haikuwa nayo. Programu za mikopo ya mtandaoni huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji akichelewa, ujumbe huenda kwa bosi, mchungaji, mkwe na fundi wa bomba: fulani ni mwizi, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, miezi michache baada ya kutoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inampa aliyeaibishwa mahali pa kulalamika, mbele ya tume yake. Kenya imekwisha kuonyesha kwamba silaha hiyo inakata. Mwaka 2023 ofisi ya ulinzi wa data iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya Sh milioni 5 za Kenya, na Mulla Pride Sh 2,975,000, kwa kutumia namba za watu vibaya katika kudai madeni.

Isidhaniwe kwamba aibu haina kazi katika mikopo. VICOBA vingi, vikundi vya kuweka na kukopa, vimesimama kwa miaka bila hati ya nyumba wala mdhamini wa mshahara, kwa sababu mtu anaogopa kutazamwa vibaya na wenzake. Ila katika kikao cha VICOBA mwenye deni yupo, anaulizwa, anajibu, anasema mtoto aliugua au mzigo uliozea njiani, na kikundi humpa muda au humkata hisa zake. Ni hukumu yenye kusikilizwa. Ujumbe unaotumwa kwa watu 200 hauna nafasi ya jibu wala rufaa, na hausahihishwi siku deni linapolipwa.

Kwa wakopeshaji wanaotaka kujilinda, njia halali zipo. Tangu kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za mikopo, na kampuni zenye leseni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet hutoa historia ya mkopaji kwa mkopeshaji anayehusika. Mwenye rekodi mbaya hunyimwa mkopo, na jirani hana haja ya kujua. Na kwa aliyedanganya kweli, mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru fidia juu ya kifungo au faini. Amri hiyo ndiyo inayostahili kudaiwa na waendesha mashtaka kila mara, maana miaka jela peke yake hairudishi hata shilingi kwenye mfuko ambao ulitakiwa uzunguke kwa kikundi kinachofuata.

Mwaka 2024 mikopo ya asilimia 10 ilirudi. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Jiji la Dodoma likiwemo, pamoja na Dar es Salaam, Kigoma Ujiji, Songea, Newala, Mbulu, Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri nyingine 174 zilibaki na mfumo ulioboreshwa wa kamati zao. Mgawo ni uleule: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Benki inaweza kumtambua mtu kwa alama za vidole na kufuata mwendo wa fedha kwenye akaunti. Haiwezi kujua kama shamba la zabibu lililoandikwa kwenye andiko lipo kweli Hombolo. Hilo linajulikana na watu wa Hombolo.

Basi halmashauri ibandike kwenye ubao wa kila ofisi ya mtaa jina la kikundi, kiasi kilichokopeshwa, kazi iliyokusudiwa na jina la afisa aliyethibitisha, kabla fedha haijatoka. Kesi za vikundi hewa zinapomalizika, matokeo yake yasomwe katika mkutano wa hadhara wa kata ambako fedha ziliibiwa: nani ametiwa hatiani, nani ameachiwa huru, na kiasi gani kimerudi. Wakazi wa Kikuyu, Chang'ombe na Nkuhungu wana haki ya kuyauliza hayo kwa madiwani wao, na wana wajibu wa kumwacha kwa amani jirani aliyeshindwa kulipa bila kumdanganya mtu.